Nani Ana Penseli Mbili?

Nilipoanza kufundisha, kila asubuhi niliuliza maswali mawili. La kwanza: "Nani hana penseli?" Mikono mitatu, minne hivi, iliinuka kwa haya. La pili: "Nani ana penseli mbili?" Hapo mikono ilikuwa mingi, tena ya haraka, na kabla sijamaliza kuandika tarehe ubaoni penseli zilikuwa zimeshapita kutoka dawati hadi dawati. Sikuwahi kuliona jambo hilo kuwa la maana. Lilikuwa desturi ya darasa, kama kufuta ubao.

Asubuhi moja ya mwaka wa 2007 niliuliza swali la kwanza, mikono kumi na tisa ikainuka. Nikauliza la pili. Kimya. Nikadhani hawakunisikia, nikarudia kwa sauti. Watoto 76 walinitazama, na mmoja wa dawati la mbele akageuka kuangalia nyuma, labda mwenye penseli mbili yuko huko. Hakuinuka hata mmoja.

Nimefundisha katika shule hiyo hiyo kwa zaidi ya miaka ishirini, na karibu kila nililojifunza limo ndani ya asubuhi ile. Mtoto maskini mmoja akiwa kati ya watoto waliojaliwa kidogo, darasa humbeba. Hata wakiwa wanne, hubebwa. Lakini darasa zima likiwa la watoto maskini, hakuna wa kumbeba mwenzake. Mzigo wote hushuka juu ya shule, na shule haijaongezwa mgongo.

Shule yenyewe sitaitaja. Ni ya serikali, iko upande wa magharibi wa Nairobi, katikati ya mtaa wa miti mirefu, kuta za mawe na nyumba za mabalozi. Ilijengwa enzi za ukoloni, wakati shule za jiji hili zilipotengwa kwa rangi: za Wazungu, za Wahindi, za Waafrika. Yetu haikujengewa Waafrika. Ndiyo maana ina madirisha makubwa, paa la vigae na uwanja mpana ambao wenye tamaa ya ardhi hawaachi kuutolea macho.

Ukisimama langoni saa kumi na mbili na nusu asubuhi utaona jambo ambalo mgeni halielewi upesi. Mabasi ya manjano ya shule za kibinafsi husimama mbele ya mageti ya mtaa, yakawachukua watoto wa mtaa na kuwapeleka mbali. Yakishaondoka, kando ya barabara hutokea watoto wengine, kwa miguu, makundi kwa makundi, wakitoka mitaa ya maskini ya Kangemi na Kawangware, wadogo wakishikwa mkono na wakubwa. Hao ndio wetu. Watoto wa mtaa hawasomi katika shule ya mtaa, na watoto wa shule hawalali mtaani humo. Mama zao wengi hufuata nyuma muda mfupi baadaye, kwenda kufua na kupiga pasi katika nyumba zilezile ambazo mabasi yalisimama. Wasio na mwajiri wa kudumu hukaa kwenye nyasi kando ya barabara wakingoja kuitwa. Mama mmoja aliniambia alichagua shule yetu kwa sababu siku moja akianika nguo kwa watu alisikia kengele yetu ikilia.

Tume ya kuajiri walimu, TSC, iliponipanga hapa mwaka wa 2001, mambo yalikuwa mengine. Wazazi walilipa: pesa ya mitihani, ya mlinzi, ya ukarabati, ya maktaba. Walikuwa makarani wa serikali, wauguzi, madereva wa mashirika, wenye maduka. Watoto wa mayaya na wapishi walikuwapo pia, lakini walikuwa wachache na darasa langu lilikuwa na watoto 41 tu. Mwenyekiti wa wazazi alikuwa mhasibu wa benki. Tulikuwa na maktaba iliyofunguliwa kila siku, na piano ya kale ambayo mwalimu mmoja aliijua kuipiga.

Sitaki kuupamba wakati ule. Kila muhula nilisimama mbele ya darasa na karatasi, nikasoma majina ya ambao hawakulipa, nao wakafunga mikoba wakaenda nyumbani. Wengi walikuwa wa Kawangware. Wengine walikaa wiki mbili, wengine hawakurudi. Yale majina niliyasoma mimi, kwa sauti yangu, na ninayakumbuka.

Kwa hiyo Januari 2003, serikali ya Kibaki ilipofuta karo ya shule za msingi, nilifurahi kama mtu aliyetolewa kazi mbaya. Foleni ilianza alfajiri. Nchini kote idadi ya watoto wa shule za msingi iliruka kutoka karibu milioni 5.9 hadi milioni 7.2 katika mwaka mmoja, na sisi tulipata fungu letu. Nilifundisha darasa la kwanza, nalo lilikuwa na watoto 94. Wengine walikuwa na miaka kumi na mbili, wamekaa kwenye viti vya watoto wa miaka sita, magoti karibu na kidevu, wakisoma "a, e, i, o, u" kwa bidii ambayo sijaiona tena. Nikiulizwa leo kama karo irudishwe, nitasema hapana, na nitasema hapana nikiwa kaburini.

Lakini madarasa hayakuongezwa. Walimu hawakuongezwa. Katika muhula wa kwanza wa 2004 yule mhasibu alikuja kuniona baada ya masomo. Alikaa kwenye dawati la mtoto wake. "Mwalimu," akasema, "sina neno na hawa watoto wengine. Ila daftari la wangu halijasahihishwa tangu Oktoba." Alisema kweli. Madaftari 94 hayasahihishiki, hata ukiyabeba nyumbani, hata ukikesha. Mwezi uliofuata mtoto wake alihamia akademi, shule ya kibinafsi. Hakuwa wa kwanza, na baada yake walifuata wengine, kimya kimya, mwisho wa kila muhula wanne, watano. Kufikia mwaka ule wa penseli, sijui kama palikuwa na mzazi hata mmoja aliyekuja shuleni kwa gari.

Simlaumu yeyote kati yao. Kila aliyeondoka alifanya la busara kwa mtoto wake, na busara zote hizo zikijumlishwa ndizo zilizotuacha mikono mitupu.

Watu hudhani kilichoondoka ni pesa. Si hivyo hasa. Mwanzoni serikali ilituletea shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka, zikiingia katika akaunti mbili: 650 katika ile tuliyoiita SIMBA, ya vitabu na vifaa vya kufundishia, na 370 katika ile ya matumizi mengine. Kwa miaka michache ya kwanza tulikuwa na vitabu vingi kuliko nilivyowahi kuona. Mtoto wa Gatina, huko Kawangware, alibeba kitabu cha Hisabati kwenda nacho nyumbani, kitu ambacho mwaka wa 2001 hakikuwezekana.

Kilichoondoka ni sauti. Mwaka wa 2002 paa la darasa la tatu lilivuja. Mwenyekiti wetu alipiga simu mbili tu, na wiki hiyohiyo fundi alikuja. Mwaka wa 2008 paa hilohilo likavuja tena. Mwalimu mkuu aliandika barua, akaandika nyingine, akaandika ya tatu. Nadhani barua zote tatu zilikuwa nzuri kuliko simu za mhasibu. Hazikuwa na mtu nyuma yake, basi. Tulihamisha madawati yakawa upande mmoja wa darasa, na mvua ikinyesha watoto walijua wenyewe nani asogee wapi.

Tukaita mkutano wa wazazi. Ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa tangu zamani na hakuna aliyefikiri kuubadilisha. Kati ya wazazi zaidi ya mia sita walikuja hamsini na kitu, karibu wote akina mama, wengine na watoto mgongoni. Tulieleza habari ya paa. Tukawauliza wanasemaje. Walitazama chini. Mwalimu mkuu akauliza tena. Hatimaye mama mmoja wa nyuma akasimama, akarekebisha leso yake, akasema: "Mwalimu, sisi tuseme nini? Nyinyi ndio mnaojua. Mkisema tulete mia, tutatafuta mia." Akaketi. Wengine wakaitikia kwa kichwa.

Wakati ule nililichukua jibu lile kama unyenyekevu, na kusema kweli lilinikera kidogo. Nilitaka wakasirike. Miaka ilipita kabla sijafanya hesabu ambayo ningepaswa kuifanya palepale mkutanoni. Yule mama alikuwa ameacha kibarua cha siku ili aje kutusikiliza. Mwajiri wake hakuwa mtu wa kusubiri. Kesho angekuta mwingine anafua. Naye alikuwa tayari kuongeza mia juu ya siku aliyoipoteza. Mimi nilikuja mkutanoni nikilipwa mshahara. Kati yetu wawili, aliyetoa zaidi kwa ajili ya paa lile ni yeye, na bado nilimwona kama mtu asiyejali.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa nje hawalijui, nalo ni anwani yetu. Ukisema shule iko Mathare au Mukuru, mtu huelewa hapohapo. Wafadhili huja, wanafunzi wa vyuo vikuu huja na vitabu, wenye kampuni huja kupaka rangi na kupigwa picha. Sisi anwani yetu inanukia pesa. Mwaka mmoja ulikuja ujumbe wa watu waliotaka kusaidia shule zenye uhitaji. Walipofika langoni, mmoja wao alitazama maua ya jirani, akatazama magari, akaniuliza, "Lakini mwalimu, si hapa ni kwa matajiri?" Nikamwomba asubiri hadi saa saba, aone watoto wakila nini. Alikuwa na haraka. Msaada ukaenda kwingine, na sina kinyongo na walioupata. Ninachosema ni kwamba umaskini hupimwa kwa mahali jengo liliposimama, wakati mtoto haishi ndani ya jengo. Anakuja na umaskini huo tumboni, na kwenye viatu, na kwenye daftari lililoandikwa pande zote mbili hadi kwenye jalada.

Mwenzangu tuliyesoma naye chuo cha ualimu sasa anafundisha Marekani, katika mji mdogo pembezoni mwa Chicago. Nilidhani huko pembezoni ni kwa wenye nazo tu. Akaniambia kodi za kupanga nyumba zimewasukuma maskini wengi kutoka katikati ya jiji, wakaingia katika miji ambayo shule zake hazikujiandaa kuwapokea, na kwamba sehemu kubwa ya fedha za shule zao hutokana na kodi ambayo wenye nyumba na ardhi ya eneo lenyewe huilipa serikali. Mji ukifukarika, shule hufukarika nao. Ila wana kitu kimoja ambacho nilikionea wivu. Kila shule huhesabu watoto wanaostahili chakula cha mchana cha bure au cha bei nafuu, na kuna sheria ya mwaka wa 1965 inayopeleka fedha za ziada za serikali kuu katika shule zenye watoto wengi wa namna hiyo. Hazitoshi, alisema, lakini angalau kuna safu ya karatasi inayouliza swali. Ndiye pia aliyenieleza habari za James Coleman, ambaye mwaka wa 1966 alitoa ripoti iliyotokana na kuwapima zaidi ya nusu milioni ya wanafunzi wa huko, na kati ya aliyoyakuta ni kwamba hali ya watoto anaosoma nao mwanafunzi ina uzito mkubwa katika kufaulu kwake. Nikamwambia: huyo alikuwa anahesabu penseli za pili.

Kwetu hakuna safu hiyo. Majumba yanayotuzunguka hulipa kodi ya ardhi kwa kaunti, na hakuna shilingi yake inayoruka ukuta kuingia katika fedha zetu za masomo. Fedha zetu hutoka Wizara ya Elimu, kwa kila kichwa, kiwango kimoja nchi nzima. Kiwango hicho kilipanda hadi shilingi 1,420 kwa mtoto wa msingi kwa mwaka. Zigawe kwa siku za masomo, hazifiki shilingi 8 kwa siku. Shule ya serikali ambayo wazazi wake bado wana uwezo hupata 1,420 ileile, kisha bodi yake ikaita mkutano na wazazi wakaongeza: mwalimu wa bodi wa Kiingereza, mwalimu wa bodi wa Hisabati, tangi la maji, kompyuta. Sisi tuna walimu wawili tu wa bodi, na kuna miezi wanalipwa nusu. Kwenye karatasi shule zile mbili ni sawasawa.

Na hata hiyo 1,420 haikumfikia kila mtoto. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu sijaona watu wakilizungumza inavyostahili.

Mfumo wa NEMIS ulipokuja mwaka wa 2017, kila mwanafunzi alitakiwa kuingizwa kwenye kompyuta na kupewa nambari yake, na ili aingizwe alihitaji cheti cha kuzaliwa. Fedha za serikali zikaanza kufuata nambari hizo. Ni jambo la maana. Kabla yake zilikuwapo shule zilizohesabu watoto hewa. Lakini nilipewa kazi ya kuwasajili wanafunzi wetu, na nilipomaliza mzunguko wa kwanza, watoto zaidi ya 130 hawakuwa na cheti. Walikuwa wamekaa mbele yangu, wanaitikia majina, wanakula uji, lakini katika hesabu ya fedha hawakuwapo. Tulifundisha watoto wote kwa fedha za baadhi yao.

Ni akina nani hawa wasio na vyeti? Mama aliyejifungulia nyumbani kijijini. Mama aliyezalishwa hospitalini akapewa ile karatasi ya taarifa ya kuzaliwa, kisha moto ukapita kwenye ploti ya mabati na karatasi ikaungua pamoja na godoro. Mama ambaye mwenyewe hana kitambulisho. Bibi anayelea mjukuu ambaye mamake alikwenda kufanya kazi Uarabuni. Katika shule yenye watoto wa kila hali, hao huwa watatu, wanne. Wakikusanywa pamoja, huwa mia na thelathini, na bajeti ya chaki inapungua kwa sababu ya karatasi iliyoungua Kangemi.

Kwa karibu mwaka mzima Jumamosi zangu zilikwenda huko. Niliandamana na wazazi kwa chifu kutafuta barua, nikapanga nao foleni kwenye Huduma Centre, nikawajazia fomu. Nilijifunza majina ya vijiji ambavyo sitaviona kamwe. Bibi mmoja hakujua tarehe aliyozaliwa mjukuu wake, lakini alijua kuwa siku hiyo watu walikuwa kwenye foleni ya kura. Tukahesabu kuanzia hapo. Tulipopata cheti cha mtoto yule, bibi alikikunja akakitia kifuani, nami ikabidi nimbembeleze akitoe nikipige picha.

Tulishusha ile 130 hadi chini ya 40. Kisha muhula mpya ukaanza, wakaja watoto wapya. Shule kama yetu haimalizi kazi hiyo. Watu huhama ploti wakishindwa na kodi ya nyumba, na kila Januari naona sura ngeni na viti vilivyoachwa wazi na watoto ambao hawakuaga.

Habari ya uwanja nitaieleza kwa ufupi ingawa iliniondolea usingizi. Januari 2015 watoto wa Lang'ata Road Primary waliandamana kupinga ukuta uliojengwa kukata uwanja wao wa kuchezea, na polisi wakawarushia vitoa machozi. Picha zile zilifika duniani kote. Jioni ile walimu wetu walikaa ofisini bila kuongea sana. Sisi pia, kama shule nyingi za umma wakati huo, hatukuwa na hati miliki, na tulikuwa tumeshaona wageni wenye mikanda ya kupimia wakizunguka ua wetu. Ardhi ya mtaa kama wetu ni ghali, na inapolindwa na wazazi ambao wakifika ofisini huulizwa na askari wa mlangoni "unatafuta nani?", huwa imelindwa kwa uzi. Mungu alisaidia, ua wetu bado upo.

Baada ya mtaala wa umilisi kuanza mwaka wa 2019, penseli zilipata wenzake. Sasa ni manila, gundi, rangi, picha za kuchapishwa saiba, kwenye duka la kompyuta. Mtaala una mengi mazuri, na nimewaona watoto waliokuwa wamelala wakiamka kwa sababu wamepewa kitu cha kushika. Lakini mwandishi wake alimwona mtoto mwenye mzazi aliye nyumbani saa kumi na moja jioni na shilingi hamsini mkononi. Nilipompa mtoto wa gredi ya nne kazi ya kuchapisha picha za wanyama wa porini, nyumba yake ilichagua kati ya picha na mafuta ya taa. Siku hizi tunatumia makaratasi ya kufungia bidhaa, udongo wa uwanjani, na magazeti ya juzi ambayo mlinzi wa nyumba ya jirani hutupitishia juu ya ukuta. Huyo mlinzi ana watoto wawili kwetu.

Mwaka wa 2023 walikuja pia wa gredi ya saba, sekondari ya chini ikiwa ndani ya ua wa msingi. Serikali huwatengea shilingi 15,042 kwa mwaka. Ndugu wawili wa tumbo moja, ua mmoja, mmoja ana 1,420 na mwingine zaidi ya mara kumi yake, na wote wawili wanasubiri zamu ya choo kilekile. Hao wa saba hawana maabara. Walifanya sayansi yao ya kwanza kwenye chumba kilichokuwa maktaba. Piano iliuzwa zamani.

Kitu kilichobadilisha shule yetu kuliko vingine vyote katika miaka ya karibuni ni chakula. Kabla yake tulikuwa na githeri yetu, ya wale waliolipa, na wasiolipa walitoka langoni saa saba "kwenda nyumbani". Nyumbani hapakuwa na mtu. Walizunguka, wakarudi saa nane, wengine hawakurudi. Mpango wa kaunti wa Dishi na County ulipoanza mwaka wa 2023, mzazi alitakiwa kulipa shilingi 5 kwa sahani moja, pesa inaingia kwa simu, na mtoto anavaa kikuku mkononi anachokigusisha kwenye mashine akichukua chakula. Siku ya kwanza harufu ya wali na maharagwe ilifika darasani kabla ya kengele. Ninachokipenda katika kikuku hicho ni kwamba hakisemi nani amelipiwa na nani. Mtoto ambaye mamake hakupata kibarua wiki nzima anagusisha kama wenzake, na kama salio limekwisha, sisi walimu tunajua la kufanya bila darasa kujua. Saa nane sasa madawati hujaa. Nafundisha somo la alasiri kwa watoto walioamka, na ni lazima niseme kwamba kwa miaka kumi na kitu nilikuwa nimewaandikia baadhi yao kwenye ripoti "hana bidii".

Yule mama wa mkutano wa paa hakutoka akilini mwangu. Miaka miwili iliyopita, katika kikao cha walimu, niliomba tuuhamishe mkutano wa wazazi uwe Jumapili saa tisa alasiri, baada ya kanisa. Wenzangu hawakupenda, na wana haki. Ni siku yao ya pekee. Tukakubaliana tujaribu mara moja. Walikuja wazazi zaidi ya mia tatu. Hatukuanza na hotuba. Tuliwagawa katika madarasa ya watoto wao, wakakaa kwenye madawati ya watoto wao, tukawauliza wangetaka nini kibadilike kwanza. Nilidhani watasema vitabu, au walimu. Darasa baada ya darasa, akina mama walisema vyoo. Wasichana wao walikuwa wakijizuia kutwa nzima hadi wafike nyumbani. Kiwango kinachotakiwa ni wasichana 25 kwa tundu moja. Sisi tulikuwa na zaidi ya 70. Mimi nimepita mbele ya vyoo vile kila siku kwa miaka ishirini.

Barua iliandikwa palepale, kwa Kiswahili, na mama mmoja anayechoma mahindi kituoni ndiye aliyeisoma kwa sauti ili wote waisikie kabla ya kutia sahihi. Wasiojua kuandika walitia kidole gumba. Kurasa za sahihi zilikuwa kumi na moja. Tuliwachagua wazazi watano wapeleke wenyewe kwenye ofisi inayohusika, nami nikaenda nao, nikakaa nyuma. Walingojeshwa tangu saa tatu hadi saa saba na nusu. Hakuna aliyeondoka, ingawa watatu kati yao walikuwa wameacha kazi ya siku. Hatimaye karani akaipokea, akagonga muhuri kwenye nakala yetu, akaandika tarehe.

Vyoo bado havijajengwa. Wiki iliyopita nilikuwa langoni jioni watoto wakitoka, na yule mama wa mahindi akapita na karai lake kichwani. Aliniamkia, akalishusha karai, akafuta mikono kwenye leso.

"Mwalimu, ile karatasi yenye muhuri iko wapi?"

Nikamwambia iko kwenye faili, ofisini.

"Nakuomba unitolee nakala," akasema. "Tunarudi huko Jumatatu, na safari hii tutakuwa ishirini."